Saa Moja Kutoka Majini

Gemu mpya ya ulimwengu wazi ikitangazwa, swali la kwanza, kuanzia kwenye vibanda vya gemu vya mitaani kwetu hadi kwenye majarida makubwa ya Ulaya na Marekani, ni hili: ramani yake ina ukubwa gani? La pili hufuata papo hapo: humo ndani mtu anaweza kufanya mambo mangapi? Watengenezaji wanalijua hilo, kwa hiyo hutanguliza tarakimu. Ramani imezidi ya toleo lililopita mara mbili, kazi za kufanya ni mamia, na mlima ule unaouona kule mbali unaweza kuufikia na kuupanda. Nyuma ya maswali na tarakimu hizo imesimama rai moja ambayo sasa inachukuliwa kama sheria. Rai hiyo inasema kwamba gemu ya aina hii, ambayo mchezaji huachiwa nchi nzima aende atakako, hufaulu kwa ukubwa wa nchi, kwa wingi wa vilivyomo, na kwa kuondolewa kila kizuizi kati ya mchezaji na anachokitaka. Naipinga rai hiyo pamoja na nguzo zake zote tatu. Nitaipinga kwa ushahidi wa gemu zenyewe, na kwa ushahidi wa nchi ambayo wanaozicheza hawana mazoea ya kuihusisha nazo: Uwanda wa Makonde kusini mwa Tanzania, na tambarare ya Masasi iliyo magharibi yake. Ukiuvua ulimwengu wazi mitambo yake, kinachobaki ni swali la zamani sana kuhusu watu na ardhi: kwa nini mtu aende pale, apite wapi, na safari hiyo itamgharimu nini?

Nguzo ya ukubwa ndiyo dhaifu kuliko zote. Ilianguka mapema, na bado watu wanaiegemea. Mwaka 1996 kampuni ya Bethesda ya Marekani ilitoa Daggerfall, gemu yenye nchi ya zaidi ya kilomita za mraba laki moja na nusu, na miji, vijiji, mahekalu na mapango zaidi ya 15,000. Karibu vyote hivyo vilipangwa na kompyuta kwa kufuata kanuni, na waliocheza waligundua upesi kwamba mji wa mia hautofautiani na wa kwanza. Wakaacha kutembea, wakawa wanaruka kutoka jina hadi jina juu ya ramani. Mwaka 2009 ikaja Fuel, gemu ya mbio za magari iliyotengenezwa na studio ya Asobo ya Ufaransa, yenye eneo la kilomita za mraba 14,400. Mkoa mzima wa Mtwara, kuanzia ufukwe wa Msimbati hadi Nanyumbu, una takriban 16,700. Gemu hiyo iliingia katika kitabu cha rekodi cha Guinness kwa eneo hilo, na wachache wanaoikumbuka leo wanaikumbuka kwa rekodi hiyo tu. Kisha Agosti 2016 kampuni ndogo ya Uingereza, Hello Games, ikatoa No Man's Sky, yenye sayari ambazo idadi yake ni 18 ikifuatwa na tarakimu nyingine 18. Hakuna binadamu atakayeweza kuzimaliza hata akiishi maelfu ya miaka. Malalamiko yalianza ndani ya wiki chache, na sehemu kubwa yake ilirudi kwenye jambo moja: sayari ya kumi haikumtaka mchezaji kitu ambacho ya pili haikuwa imekwisha kumtaka.

Walioona ukubwa mtupu ukishindwa waliirekebisha rai badala ya kuiacha. Walisema tatizo ni utupu, basi nchi ijazwe. Wabunifu wa The Witcher 3 ya mwaka 2015 wameeleza kwamba walipima mwendo wa mchezaji na kupanga akutane na jambo la kumvutia takriban kila baada ya sekunde 40. Kwao kipimo hicho kilifaa, na sababu yake nitairudia. Kwa wengi waliojaza ramani zao kujaza kuligeuka kuwa kazi ya kutapakaza alama. Assassin's Creed ya 2007 ilikuwa na minara ya kupanda ili kufunua sehemu ya ramani, Far Cry 3 ya 2012 ikafanya vivyo hivyo kwa minara ya redio, na ilipofika Assassin's Creed Unity ya 2014, ramani ya jiji la Paris ilikuwa imefunikwa na alama hadi mitaa yenyewe haisomeki. Anayecheza gemu ya namna hii haitazami nchi. Macho yake yako kwenye pembe ya skrini penye ramani ndogo: anafuata mshale, anaifuta alama, anafuata mshale mwingine. Studio imetumia miaka na mamia ya wasanii kulijenga kanisa la Notre-Dame kwa uangalifu mkubwa, kisha imempa mchezaji sababu ya kutolitazama. Kuna jaribio rahisi la kuupima upungufu huo. Chukua sanduku lililowekewa alama mtaa huu, ulihamishie mtaa wa tatu. Je, kuna chochote kilichobadilika? Katika gemu zilizojazwa kwa mtindo huu jibu ni hapana, karibu kila mara. Vitu vimo ndani ya nchi, lakini havikutokana na nchi.

Lipeleke jaribio hilohilo Newala, juu ya Uwanda wa Makonde. Wamakonde wana simulizi ya asili yao iliyoandikwa mwanzoni mwa karne ya 20. Mtu wa kwanza aliishi peke yake porini, akachonga sanamu ya mwanamke kwa mti, sanamu ikapata uhai ikawa mke wake. Walipokaa karibu na mto, mtoto wao alizaliwa mfu. Walihama, na wa pili naye hakuishi. Ni walipofika juu kabisa, kwenye vichaka vya uwandani, ndipo mtoto akakua. Wosia waliowaachia wazao wao unahusu makazi: msikae mabondeni wala kando ya maji yaliyotuama, kwa maana huko kuna maradhi na kifo, kaeni juu, na mahali pa kuteka maji pawe angalau mwendo wa saa moja kutoka nyumbani. Uweke wosia huo kando ya zile sekunde 40. Upande mmoja mtu anaogopa kwamba mwenzake atachoka akitembea dakika moja bila kuona kitu. Upande wa pili umbali wenyewe ndio uliochaguliwa, ukafanywa msingi wa nchi nzima. Juu ya uwanda udongo wa kichanga hunywa mvua na kuizamisha, wala hakuna mto unaopita. Chemchemi hutokea chini, kwenye miguu ya magenge. Katika karne ya 19, wakati wateka watumwa na vikosi vya Wangoni walipokuwa wakizipita nchi za chini, vichaka vile vizito na ukosefu ule wa maji viliwalinda waliokuwa juu, kwa sababu adui asiyejua maji yalipo hawezi kukaa siku mbili. Kwa hiyo saa ile moja iliamua kijiji kikae wapi, nani aamke alfajiri, zao gani lipandwe, na mgeni apimweje kabla ya kuonyeshwa kisima. Sasa hamisha chemchemi moja tu: njia zitahama, vijiji vitahama, na hata sababu za watu kuogopana au kuaminiana zitabadilika.

Hiki ndicho kipimo ninachokitetea. Ulimwengu wazi hufaulu pale ardhi yake inapomdai mchezaji kitu, na madai hayo yakatofautiana kutoka mahali hadi mahali, hata akalazimika kuisoma nchi ili aishi ndani yake. Hushindwa pale ardhi inapokuwa pambo lililotandikwa chini ya orodha ya kazi. Tazama gemu inayosifiwa kuliko nyingi za aina hii, Breath of the Wild ya Nintendo, iliyotoka Machi 2017. Mchezaji anaamkia juu ya uwanda uliozungukwa na magenge pande zote. Anaiona nchi yote chini, mito na misitu na mlima wa moto kwa mbali, lakini hawezi kushuka salama mpaka apate kitambaa cha kuelea nacho hewani. Kwa saa kadhaa za mwanzo, gemu inayosifiwa kwa uhuru inamfungia mchezaji juu ya uwanda, na humohumo ndimo inamofundisha yote: kwamba baridi inaua asiyejiandaa, kwamba kupanda genge kunamaliza nguvu, kwamba mvua ikinyesha mwamba unateleza na mpango wako wote unaharibika. Aliyewahi kusimama kwenye ukingo wa Newala, pale paitwapo Shimo la Mungu, akalitazama bonde la Ruvuma na Msumbiji ng'ambo yake, hahitaji kuelezwa kwa nini mwanzo huo una nguvu. Jicho limekwisha fika. Mwili bado una deni la safari nzima.

Death Stranding ya Hideo Kojima, ya Novemba 2019, ilikwenda mbali zaidi na kudharauliwa kwa sababu hiyohiyo. Wengi waliiita gemu ya kubeba mizigo, wakidhani wamekwisha ihukumu. Ni kweli, mchezaji ni mpagazi. Mzigo una uzito, ukipangwa vibaya mgongoni unamwangusha, mto unamsomba, mteremko unamponza. Lakini kwa kuwa uzito una maana, kila jiwe na kila kijito kina maana pia, na nchi yenye vitu vichache inakuwa na mambo mengi ya kufikiria kuliko Paris iliyojaa masanduku. Humo pia mna jambo ambalo watu wa uwandani wangelitambua mara moja: pale wachezaji wengi wanapopita mara kwa mara, njia inajichonga ardhini, na anayekuja baadaye anaikuta. Njia ya namna hiyo ni maarifa ya watu wengi yaliyoandikwa kwa nyayo. Hakuna mbunifu aliyeketi mezani akaweka alama pale.

Naomba nisieleweke kwamba kila nchi idai kwa namna moja, maana hapo nitakuwa nimeingiza sheria mpya mbovu mahali pa ile ya zamani. Masasi na Newala ni majirani, na kila moja inasomwa kivyake. Masasi inasomwa kwa macho. Nchi ni tambarare, na juu yake imesimama milima ya mawe matupu, kama ule wa Mtandi, inayoonekana toka mbali sana. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya Kianglikana alitoka Unguja na kundi la watumwa waliokombolewa, nia yao ikiwa kufika upande wa Ziwa Nyasa. Walipofika chini ya milima ile, kundi likaona pamefaa, likakaa, na mji uliokua pale umebaki hadi leo. Watengenezaji wa Breath of the Wild walieleza hadharani mwaka 2017 kwamba waliipanga nchi yao kwa maumbo ya pembetatu ya ukubwa mbalimbali: mlima unamwita mchezaji, unamlazimisha kuamua aupande au auzunguke, na akiuzunguka unamfunulia pole pole kilichofichwa nyuma yake. Elden Ring ya Februari 2022 ilifanya hivyo kwa mti mkubwa wa dhahabu unaoonekana karibu kila mahali. Kwa ubunifu wa aina ya Masasi, mlima wenyewe ndio alama. Alama nyingine ya kuuonyesha ni matusi kwa mlima na kwa mwenye macho.

Newala haisomeki hivyo. Ukishaingia vichakani hapo zamani hukuona hatua ishirini mbele. Nchi ilijulikana kwa njia zake, na njia zilijulikana kwa kuuliza. Mjerumani Karl Weule, mtafiti wa jumba la makumbusho la Leipzig, alikaa Newala mwaka 1906, na katika kitabu alichochapisha mwaka 1908 aliweka michoro aliyochorewa na Waafrika, ikiwemo ramani ya barabara kuu ya misafara na vituo vyake, kazi ya Mmambwe aliyeitwa Sabatele. Ramani ile haina mizani ya kilomita wala mwonekano wa ndege angani. Ni mfululizo wa vituo, jinsi mtembezi anavyokutana navyo. Gemu ya Morrowind, iliyotolewa na Bethesda mwaka 2002, ilijengwa kwa fikra hiyo. Kisiwa chake kilikuwa kidogo mno kikilinganishwa na nchi ya Daggerfall ya kampuni hiyohiyo, na hakikuwa na mshale. Ulimuuliza mwenyeji, naye akakwambia ufuate njia ya kaskazini, ukifika penye daraja uiache barabara, utaona mawe mawili. Ukayaandika hayo kwenye daftari lako na kwenda kuyatafuta, ukapotea, na katika kupotea ukakifahamu kisiwa. Toleo lililofuata, Oblivion la 2006, liliweka dira yenye alama inayoonyesha mahali hasa pa kwenda. Wachezaji wengi walishukuru. Lakini tangu siku hiyo maneno ya mwenyeji yakawa hayana kazi, kwa sababu mshale unajua kuliko yeye, na mwenyeji asiye na cha kukueleza ni mdoli tu barabarani.

Kuitazama nchi kwa mwonekano wa angani kuna gharama, na kusini mwa Tanzania gharama hiyo iliwahi kulipwa na watu halisi. Katika miaka ya Operesheni Vijiji, 1973 hadi 1976, familia zilizokuwa zimetawanyika karibu na mashamba yao zilikusanywa kando ya barabara. Kwenye karatasi mpango ulikuwa safi: huduma zifike, shule ifike, zahanati ifike, na baadhi vilifika kweli. Lakini mikorosho haikuhama. Mkulima aliyekuwa akiamka chini ya mti wake sasa alikuwa mbali nao, na shamba la korosho lisilopaliliwa hugeuka pori. Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna tani 145,000 za korosho. Kufikia 1986/87 mavuno yalikuwa chini ya tani 20,000. Bei duni na ugonjwa wa ubwiriunga vilichangia sana, na sitaki kuubebesha uhamishaji lawama yote. Nalitaja jambo hili kwa kuwa linathibitisha kwamba umbali kati ya mtu na kitu anachokihitaji ni sehemu ya kitu chenyewe, na mpangaji anayeubadilisha bila kuuliza amebadilisha maisha yote yanayoufuata. Mbunifu wa gemu anayewapa wachezaji uwezo wa kuruka papo hapo kutoka alama hadi alama amefanya uamuzi wa ukubwa uleule juu ya nchi yake ya kubuni, mara nyingi bila kujua kwamba ameamua jambo.

Hapa linakuja pingamizi zito kuliko yote, na linastahili jibu la dhati. Kuteka maji saa moja bondeni na kuyapandisha gengeni kichwani kulikuwa mateso, na yalikuwa mateso ya wanawake na wasichana. Miaka ya 1950 ulipoanza mradi wa kuyasukuma maji kwa pampu kutoka mabondeni hadi juu, hakuna mama aliyeilia njia ya zamani. Vipi basi mtu ayafanye mateso hayo kuwa kielelezo cha burudani? Jibu langu ni kwamba adha ya maisha na adha ya mchezo hutofautiana katika jambo moja ambalo ni kila kitu: ridhaa. Mchezaji ameichagua na anaweza kuzima mashine. Aliyezaliwa juu ya uwanda hakuchagua. Kwa hiyo ni haki kuondoa kila hatua ya adha hiyo katika maisha, na kazi ya mabomba Newala na Tandahimba haijafika mwisho mpaka kila nyumba ipate. Katika gemu, hata hivyo, ukiziondoa hatua hizo hujamwokoa mtu yeyote. Umeondoa tu kile kilichoifanya nchi ieleweke. Nitaongeza pia kwamba gemu inayomfanya kijana wa mjini aupime mteremko ule akiwa na ndoo ya lita ishirini kichwani itamfundisha heshima kwa bibi yake ambayo mshale kwenye ramani hauwezi kuifundisha.

Pingamizi la pili ni la soko. Gemu za alama na mishale, watu husema, zinauzwa kwa mamilioni, na wingi wa wanunuzi ndio hukumu. Kama mauzo ndiyo hukumu, basi hukumu yenyewe imegawanyika: Breath of the Wild imeuza nakala zaidi ya milioni 30, na Elden Ring, isiyo na orodha ya kazi wala huruma kwa mzembe, iliuza zaidi ya milioni 20 katika mwaka wake wa kwanza. Muhimu zaidi ni ile gemu ambayo kizazi kizima cha Afrika Mashariki kimekua nayo, GTA San Andreas ya mwaka 2004, iliyochezwa kwenye PlayStation 2 za kulipia mitaani na kisha ikaingia kwenye simu mwishoni mwa 2013. Wapenzi wake huitolea mfano wa uhuru usio na mpaka. Waitazame tena. Ramani yake ni takriban kilomita za mraba 36, na ukungu wa mbali ndio unaoifanya ionekane pana. Mwanzoni mchezaji amefungiwa mji mmoja. Akijaribu kuvuka kwenda mingine kabla ya wakati, polisi wanamwandama. Shujaa wake asipokula anadhoofu, akila kupita kiasi ananenepa na kuwa mzito wa kukimbia. Mitaa ina wenyewe, na rangi ya nguo za watu wa mtaa inakwambia kama upo kwenu au umeingia kwa wengine. Hiyo ni nchi yenye madai mengi, na ndiyo maana mtu aliyeicheza utotoni bado anaweza kukuelekeza njia ya kutoka Grove Street hadi mashambani bila kufungua ramani.

The Witcher 3 nayo nimeahidi kuirudia, kwa sababu ina alama tele na bado ni gemu bora. Haikufaulu kwa alama, wala kwa sekunde 40. Ilifaulu kwa kuwa kijiji cha kinamasini kina matatizo ya kinamasi, na kijiji kilichopitiwa na vita kina matatizo ya vita. Kihamishe kisa, kinakufa. Zima mishale yake yote, kisa kitabaki. Na kuhusu No Man's Sky, ambayo hutajwa kila mara kama ushahidi kwamba ukubwa ulishinda baadaye, tuangalie kilichobadilika. Novemba 2016 waliongeza ujenzi wa makazi, na Julai 2018 wakawawezesha wachezaji kuwa pamoja kikamilifu. Wakati huo idadi ya sayari ilibaki ile ile. Kilichoongezwa ni sababu za mtu kuchagua sayari moja kati ya hizo zisizohesabika, kujenga pale, na kurudi. Watu walipopata makao, ndipo ulimwengu ule ulipopata maana.

Limebaki dai moja ambalo wabunifu wakubwa karibu wote wanalikwepa, nalo linatugusa sisi zaidi. Far Cry 2 ya mwaka 2008 ilijengwa kama nchi ya Afrika isiyo na jina, na watengenezaji wake walikuja Kenya kuitazama nchi kabla ya kuijenga. Katika mambo mengi ni gemu inayounga mkono hoja yangu: kilomita zake za mraba 50 zinasomwa kwa ramani ya karatasi unayoishika mkononi huku ukiendesha gari, na malaria inakupanda usipotafuta dawa. Lakini ukizunguka nchi ile utakutana na wenye bunduki na vizuizi vya barabarani vinavyojaa upya kila ukigeuza mgongo. Wakulima hawapo. Hakuna shamba lenye mwenyewe, hakuna mtu wa kukuuliza unapita hapa kwa idhini ya nani. Linganisha na uwanda wa zamani, ambako ardhi iligawanyika katika virambo, na kila chirambo kilikuwa na mkuu wake, mkulungwa. Mgeni aliyetaka kulima alipaswa kwenda kwake kwanza. Pori lililoonekana tupu kwa msafiri wa Kizungu halikuwa tupu. Gemu inayomwachia mchezaji achume, akate na apige risasi popote bila kumuuliza mtu inarudia macho ya yule msafiri, hata kama imechorwa kwa ustadi wa hali ya juu. Uhuru wa kwenda popote unapata uzito pale ambapo popote pana mtu wa kupigiwa hodi.

Ndiyo maana rai ya ukubwa inawadhuru zaidi vijana wetu wanaojifunza kutengeneza gemu. Wanaambiwa, na wanajiambia, kwamba bila studio ya watu elfu moja na ramani ya kushindana na ya GTA hawana cha kutengeneza, basi wanabaki kuiga vipande vya Los Angeles. Kipande cha kutoka ukingo wa Newala hadi ukingo wa Ruvuma kinatosha. Kiwekwe katika karne ya 19, wakati wa Matola, mkuu wa Wayao aliyewapokea wamisheni waliohamia Newala baada ya Masasi kuvamiwa mwaka 1882. Au kiwekwe leo, msimu wa korosho, wakati kila mtu ana haraka ya kufikisha magunia ghalani. Kilomita chache, chemchemi chache, njia zinazofunga mvua ikinyesha, watu wanaojua mambo na wasiokwambia mpaka wakuamini. Kompyuta moja ya kawaida inaweza kuibeba nchi ya ukubwa huo. Kabla ya kuchora hata mti mmoja, mbunifu huyo apande Newala akawaulize wazee ni chemchemi ipi hukauka kwanza ifikapo Oktoba, nani huwa wa kwanza kujua, na anamwambia nani.